Yadi Nne za Waya

Siku ya arobaini baada ya kujifungua, Mama alikuja nyumbani kwangu na kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, imefunikwa kwa tabaga. Kila mwanamke wa Kibra anaijua tabaga: kawa pana la kusukwa, la nyasi zilizotiwa rangi, unalianza katikati na kulizungusha, kulizungusha, mpaka lienee sinia la chakula. Hii aliyoileta ilikuwa imechakaa. Nyekundu imegeuka rangi ya kutu, kijani kimekufa. Lakini ukingoni, mizunguko mitatu ya mwisho ilikuwa bado inang'aa.

"Hii uliisuka wewe mwenyewe ukiwa mdogo," Mama akasema, amefurahi. "Nimeona ije kwako, umfunikie binti yako chakula."

Nikaipokea, nikamshukuru. Alipoondoka niliisukuma nyuma ya mlango, nikakaa kitandani na mtoto kifuani, nikalia kwa hasira mpaka maziwa yakakatika.

Wanawake wa rika langu wakinitembelea huniambia nilikuwa na bahati. Mtoto wa kike wa Kibra, aliyevaa viatu vya shule, akafika sekondari, leo anakaa nyumba yenye taa ya umeme. Nimechoka kuitikia. Naandika haya ili siku nyingine mtu akiniambia bahati, nimpe karatasi asome, nami niendelee kufua nepi.

Nyumba yetu ilikuwa Makina, ya udongo, paa la madebe yaliyopigwa yakanyooka, na baraza ndefu mbele. Mvua ikinyesha ulikuwa husikii mtu. Nyuma kulikuwa na shamba la mahindi, na nyuma ya mahindi msitu, na garimoshi likipita upande wa Laini Saba vikombe vililia kabatini. Umeme hatukuwa nao. Nyaya ziliturukia juu, zikaenda kushuka kwenye nyumba za Wazungu ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Sisi tulikuwa na taa za mafuta na pasi ya makaa, ile yenye jogoo wa chuma kwenye mfuniko.

Lakini Baba alikuwa fundi wa umeme. Alifanya kazi kwenye karakana kubwa ya mjini, kwenye benchi la vitu vya umeme: pasi, majiko, mafeni. Babu alibeba bunduki ya serikali kutoka Sudani mpaka hapa; Baba alibeba koleo na bisibisi, na kwangu mimi koleo lilikuwa na heshima kuliko bunduki. Kazi nyingine alikuja nayo nyumbani, akaifanya barazani baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na betri mbili za lori, kila moja volti sita, akiziunganisha anapata kumi na mbili. Na alikuwa na mita.

Ile mita niliitamani kama watoto wengine wanavyotamani halua. Sanduku jeusi lenye kioo, na ndani yake sindano nyembamba kama unywele iliyolala upande wa kushoto. Chini ya sindano kulikuwa na nambari na vistari. Baba akigusisha waya, sindano inaamka. Sijui nilifikiri ni nini kilichokuwa mle ndani. Nilijua tu kwamba kilimwitikia Baba, na kwamba mimi nilikuwa naruhusiwa kuitazama kutoka mlangoni tu.

Aliyeruhusiwa kukaa nayo alikuwa Zamzam.

Zamzam alikuwa binti wa marehemu ndugu yake Baba. Alikuja kwetu na kifurushi kimoja, akiwa amenizidi mwaka na nusu, mwembamba, ana mwanya, mdomo haukai. Tulilala mkeka mmoja. Nilimpenda kwa miezi kama miwili hivi, mpaka alasiri moja Baba alipomwita barazani, akamwonyesha mita, akamwambia aseme sindano imesimama wapi. Kuanzia siku ile ikawa kila alasiri. Mimi nakaa ndani na Mama tunasuka, nikiinua macho naiona migongo miwili pale barazani, mpana na mwembamba, imeinamiana juu ya kile kisanduku kama watu wanaosoma barua ya siri.

Nilisikia kila kitu. Mtu mwenye wivu ana masikio mazuri. Baba alimfundisha kwa maneno yake mwenyewe: volti ni msukumo, ampea ni umeme unaopita. Gawanya msukumo kwa unaopita, utapata ugumu wa waya, na ugumu huo unahesabiwa kwa omu. Zidisha msukumo kwa unaopita, utapata wati, na wati ndizo moto wenyewe. Zamzam aliandika kwa kipande cha makaa kwenye sakafu ya baraza, na Haboba, nyanya yetu, alipita asubuhi na ufagio akilalamika kwamba nyumba imejaa wadudu wasiokufa.

"Volti kumi na mbili, ampea sifuri nukta mbili," Baba anasema. "Ugumu?"

"Sitini, Ami."

"Na moto?"

"Wati mbili na kitu."

"Kitu gani? Sindano haisemi kitu."

"Mbili nukta nne."

Na Baba anacheka. Kicheko kile kilikuwa kinaniuma hapa, chini ya mbavu. Mimi nilikuwa binti yake. Nilimpelekea maji ya kutawadha, nilijua kikohozi chake kikiwa bado njiani. Hata siku moja hakucheka vile kwa ajili yangu.

Nilijaribu. Nilijifunza jedwali la kugawanya kwa kusikiliza, nikakaa pembeni ya baraza na tabaga yangu, nikajibu kabla ya Zamzam. Baba aliniambia nirudi ndani nimsaidie mama yangu. Hakuwa mkali. Aligeuza uso tu, akapapasa mezani kutafuta koleo lililokuwa mbele yake waziwazi. Zamzam alinifuata jikoni baadaye akaniambia, "Wewe shika tabaga. Mimi nashika umeme." Nikamrushia kijiko. Hakikumpata, na mimi nikachapwa.

Basi ikaja ile pasi.

Ilikuwa ya umeme, nzito, ya mkubwa wa karakana, Mzungu mwenye masharubu mekundu. Waya wake wa ndani ulikuwa umekatika. Jioni ile nilimsikia Baba akimweleza Zamzam kwa sauti ya chini. Alisema bwana mkubwa ameitoa nyumbani kwake akamkabidhi yeye mkononi, yeye peke yake, na wenzake wote walikuwa wanatazama. "Ikitoka vizuri nabaki kwenye benchi. Isipotoka vizuri, basi." Nilishangaa. Fundi kama Baba anapimwa kwa nini? Lakini sikuwaza sana. Kilichonikaa ni kwamba jambo kubwa kama lile limeambiwa Zamzam, nami nimelipata kupitia ufa wa mlango.

Walipiga hesabu siku mbili. Juu ya pasi palikuwa pamechongwa volti mia mbili arobaini, wati mia nne themanini. Zamzam aligawanya: ampea mbili. Akagawanya tena, mia mbili arobaini kwa mbili: ugumu wa waya uwe omu mia na ishirini. Kisha akapima waya mpya, mwembamba, mweupe kama fedha, kipande kwa kipande, mpaka akajua kila yadi moja ina omu kumi. Akapima yadi kumi na mbili. Akaugusisha wote kwenye betri za lori, sindano ikaamka ikasimama penye moja, yaani sifuri nukta moja. Kumi na mbili ukigawanya kwa sifuri nukta moja ni mia na ishirini. Baba alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu," akamwambia.

Mwanangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Kesho yake kulikuwa na shughuli ya arusi upande wa Lindi, hapohapo Kibra, na Zamzam alichukuliwa pamoja na wasichana wengine kwenda kusaga hina na kulala huko. Sisi wa nyumbani tulikuwa tupeleke chakula siku ya arusi yenyewe. Mnajua ilivyo kwetu: masinia yanabebwa kichwani kwa mstari, kila moja na tabaga yake, na wanawake waliokaa mkekani hawaangalii chakula, wanaangalia tabaga. Nani kasuka, kachanganya rangi gani, mzunguko umenyooka au umelewa. Msichana husemwa pale mpaka anaolewa. Tabaga yangu ya kwanza ilikuwa imebaki ukingo, na nyasi zangu za manjano zilikuwa zimeisha.

Waya wa Zamzam ulikuwa umezungushwa kwenye kijiti, juu ya rafu ya Baba. Adhuhuri, Mama yuko shambani, nilipanda juu ya kiti nikaushusha. Ulikuwa baridi na unateleza. Nilichukua koleo nikakata. Sikupima kwa kamba ya yadi; nilipima kwa tabaga yangu, mara tatu kuizunguka. Kijiti nikakirudisha kama kilivyokuwa.

Nataka hapa nieleweke, maana nimejidanganya miaka mingi na sitaki kuwadanganya na nyinyi. Sikuutaka waya kwa uzuri wake tu. Nilitaka hesabu ya Zamzam iharibike. Nilifikiri hivi: pasi yetu ukiipunguzia makaa, inapoa. Weka makaa nusu, utapata joto nusu, nguo itabaki na mikunjo. Waya ndio makaa ya pasi ya Mzungu. Nikipunguza waya, pasi itakuwa vuguvugu. Itarudishwa, bwana mkubwa atanung'unika kidogo, Baba ataona kwamba Zamzam si lolote, ataitengeneza upya. Na pembeni yake barazani patakuwa na nafasi.

Hivyo ndivyo anavyowaza mtoto aliyekulia kwenye makaa.

Alasiri Baba alikaa peke yake akaanza kuuzungusha waya kwenye kibao cha ulanga, kile kinachong'aa na kubanduka kama ganda la kitunguu. Kilikuwa na meno pembeni, kila mzunguko na jino lake. Nilimwona akifika mwisho wa waya na meno bado yamebaki wazi. Akaupitisha mkono. Akaanza kuhesabu kwa kidole, akakosea, akaanza tena. Lakini hakuuliza kitu. Aliufungua waya, akauzungusha upya, safari hii akiruka jino hapa na pale mpaka ukaenea. Halafu akaita jina langu.

Nikaenda barazani. Baba alikuwa ameunganisha waya na betri, na mita iko mbele yake, na sindano imeamka.

"Njoo unisomee," akasema. "Sindano imesimama wapi? Iko penye moja?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo mwaka mzima. Nilikaa alipokuwa anakaa Zamzam. Sakafu ilikuwa bado ina vumbi la makaa yake. Nikaitazama sindano kwa mara ya kwanza kutoka karibu, na sindano haikuwa penye moja. Ilikuwa imepita, imesimama juu ya kistari kidogo kinachofuata.

Lakini mimi nilijua jibu. Nilimsikia Zamzam akilipata. Kwangu mimi yote yale ya barazani yalikuwa mtihani: Baba anajua, anauliza, na mtoto mzuri ni yule anayesema anachokijua Baba. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuuliza sindano iko wapi kwa sababu anataka kujua sindano iko wapi.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Penye moja."

Akapumua. Akanishika kichwa, mkono mmoja. Nilibaki nimekaa pale mpaka jua likaingia kwenye mahindi.

Arusi ilikuwa nzuri. Ngoma ya doluka ilipigwa, wanawake walivaa gurbaba za rangi, na tabaga yangu ilipotuliwa mkekani jua liliupiga ule ukingo ukawaka. Mama mmoja aliinyanyua akaizungusha, akauliza ni ya nani. Mama yangu alipouliza waya umetoka wapi nilisema niliuokota relini, naye hakuwa na haja ya kujua zaidi. Zamzam alikuwa upande wa pili, mikono imejaa hina, na niliomba aione. Aliiona. Aliitazama kwa muda mrefu, na mimi nikafikiri, leo na wewe umeonja.

Siku ya pili yake Baba alirudi mapema, amebeba pasi ndani ya gunia. Harufu iliingia kabla yake: nguo iliyoungua, na ndani ya nguo kitu kikali cha chuma. Pasi haikuwa vuguvugu. Mpishi wa bwana mkubwa aliiweka juu ya gauni la memsabu, akageuka kuchukua maji ya kunyunyizia, na aliporudi pasi ilikuwa imezama ndani ya gauni, ndani ya blanketi, inatafuta meza. Kisha ikapiga cheche na nyumba nzima ikazimika. Mpishi aliungua viganja.

Baba alimngoja Zamzam atoke Lindi, wakakaa barazani, wakaifungua ile pasi, wakautoa waya uliokatika vipande viwili na kuunyoosha sakafuni. Nilitazama kutoka mlangoni. Zamzam alipima kwa kamba ya yadi. Akapima tena. Akamwambia kitu Baba sikioni, na kwa mara ya kwanza masikio yangu hayakunisaidia.

Kisha Baba akaagiza chakula. Mimi ndiye niliyekileta, na kwa kuwa ile ilikuwa ndiyo tabaga ya sifa, Mama aliniwekea ileile. Niliitua mbele yake. Hakuifunua. Aliweka vidole ukingoni, akaizunguka taratibu, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka kidole kikafika ncha ya waya ilipochomekwa. Nilisimama pale nimebeba bakuli la maji. Nilifikiri anaisifia kazi yangu. Kweli kabisa, katikati ya yale yote, nilifikiri Baba anapendezwa na mkono wangu.

Asubuhi alituita wote, pamoja na Haboba. Alisema pasi imeungua kwa sababu hesabu ilikuwa mbaya, na hesabu ilikuwa ya Zamzam. Zamzam alikuwa amesimama karibu yake, anaangalia vidole vya miguu yake. Haboba alisema alijua mwisho wake, mtoto wa kike na moto wa waya wapi na wapi. Makaa ya kuandikia yalirudi jikoni. Baba alitolewa kwenye benchi, akawa wa kufungua na kufunga geti la karakana. Na ile nafasi ya shule ya wasichana mjini, iliyokuwa imesemwa kwa miezi kwamba ni ya Zamzam, Baba alinipa mimi. Zamzam alibaki nyumbani, na baada ya miaka michache akaolewa na fundi cherehani wa Kawangware.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo: nilifurahi. Nilivaa sare, nikamwacha akisaga mtama.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu alipochora ubaoni betri, waya na mita. Akaandika msukumo gawanya kwa unaopita. Mimi nilikuwa naijua hiyo tangu sijaota matiti, nikatabasamu. Kisha akatupa swali la waya unaofupishwa. Nikachukua kalamu. Yadi kumi na mbili toa nne ni nane. Omu themanini. Mia mbili arobaini kwa themanini, ampea tatu. Mara mia mbili arobaini, wati mia saba na ishirini. Waya ukipungua haupunguzi moto. Unapungukiwa na ukaidi, umeme unapita kwa wingi, moto unazidi. Nilizirudia zile nambari mpaka kengele ikalia. Hesabu ya Zamzam ilikuwa sahihi, na iliyopotoka ilikuwa yangu, hesabu ya makaa.

Hata hapo sikusema. Baba alizidi kupoteza macho, akawa wa kuongozwa msikitini, mwisho haoni kabisa. Alipokufa nilitafuta mita yake kila mahali, hata chini ya kuku wanaoatamia. Sikuipata. Nilijiambia kaiuza.

Basi Ijumaa baada ya Mama kuniletea tabaga, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Kawangware.

Zamzam anakaa chumba cha mbele cha nyumba ya tajiri mmoja mwenye ploti, kati ya migomba na bomba la maji. Mumewe anashona, yeye anapiga pasi. Pasi ya makaa. Nilimkuta ameishika mlangoni anaipunga ipate upepo, majivu yanamrukia usoni. Mwanya uko palepale. Aliniangalia, akaangalia tabaga kwapani kwangu, akaweka pasi chini.

"Mama Hawa," akasema. "Umechukua muda."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilianza kumwambia, na nilipofika kwenye koleo aliniinulia mkono ninyamaze. Alisema alijua siku ileile ya arusi. Aliona ukingo unawaka. Alipopima waya na kukuta yadi nane, alimwambia Baba sikioni kwamba zimepungua nne, na kwamba anajua zilipo. "Ami akasema, ngoja nizishike mwenyewe. Akaagiza chakula."

Nilihisi mtoto anateleza mgongoni, nikamkaza.

"Alijua?"

"Alizihesabu kwa vidole mbele yako. Kisha tukakaa nyuma ya nyumba, akaniuliza kama naweza kuibeba lawama. Alisema wewe ukiitwa mwivi wa baba yako hutaweza kukaa nyumba ile. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikasema naweza." Akaokota kaa lililodondoka, akalirudisha kwenye pasi kwa vidole vitupu. "Aliniahidi shule mwaka unaofuata. Mlinda geti angetoa wapi karo ya wawili."

Nikamuuliza lile lililokuwa likinitafuna kuliko yote, na naona aibu kwamba ndilo nililouliza. Nikamuuliza kwa nini Baba alimchukua yeye pale barazani. Kwa nini si mimi.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jina langu. "Macho yake yalikuwa yamekwisha kuanza kufifia. Alikuwa haioni sindano. Karakana walishamshuku, ndiyo maana akapewa ile pasi. Alitaka macho ya mtu, na akasema hataki mwanawe amwone akipapasa."

Sijui mnategemea nilisikia nini. Majuto, labda. Nilisikia wivu. Baba alinipenda akamtupa mwingine kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimesimama kwenye chumba chenye majivu ninaona wivu kwamba siri hii pia ilikuwa yao wawili. Walikaa nyuma ya nyumba wakanipigia hesabu, wakapata jibu, na kunificha jibu lenyewe. Na mimi siku ile barazani, alipouliza sindano iko wapi, alikuwa ananiuliza kweli. Ndiyo mara moja tu aliyohitaji macho yangu, nikampa macho ya Zamzam.

Zamzam alichukua tabaga, akachukua kisu kidogo cha kufumulia nguo za mumewe, akaanza kuutoa waya. Hakuniomba ruhusa. Ulitoka umejipindapinda lakini mweupe bado. Kisha akapanda kitandani, akashusha kitu juu ya kabati kilichofunikwa kitambaa cha mezani, akakifunua.

Mita.

"Alinipa kabla hajafa," akasema.

Akatoa betri mbili kwenye tochi ya mumewe, akazishika pamoja kwa kidole gumba na cha shahada, akagusisha ncha za waya. Sindano ikaamka. Alikuwa ameigeuzia mita kwangu, yeye haioni.

"Sindano imesimama wapi?"

Mtoto alikuwa ameamka, anapumua shingoni kwangu. Niliinama. Jibu nilikuwa nalo kichwani tayari, volti tatu kwa omu arobaini, nimesoma mimi. Nikaliacha. Nikaitazama sindano.

"Haijafika moja," nikasema. "Imepita kistari cha kwanza. Iko katikati ya hicho kistari na moja."

Akahesabu, midomo inacheza kama zamani.

"Arobaini," akasema. "Yadi nne. Zote zipo."

Nilimwomba ile mita. Nilimwambia ni ya baba yangu. Akaifunika kitambaa chake, akairudisha juu ya kabati, akanizungushia waya kwenye kijiti nibebe. Mlangoni alimfunua Hawa uso, akamwangalia macho, moja baada ya jingine, kama fundi anavyoangalia chombo kabla ya kukipokea.

"Huyu akijua kugawanya," akasema, "mlete alasiri."

Nitamleta. Sina njia ya kumnyima. Na najua nitakapokuwa nimekaa: mlangoni, na tabaga mapajani, ukingo wake umefumuliwa, naitazama migongo miwili.